Vita Umeviona. Ubeti Wako Uko Wapi?

Umetuma stori. Mhariri ameikata, zimebaki aya nne. Saa mbili usiku imesomwa kwenye taarifa ya habari, dakika mbili baadaye imekwisha, ikafuata bei ya korosho, kisha matokeo ya ligi.

Ndiyo imetoka hiyo?

Wewe uliyelala kifudifudi mtaroni risasi zikipita juu yako, wewe uliyerudi na harufu ambayo sabuni haiitoi, wewe uliyetazamwa usoni na mtoto ambaye hata kulia ameacha, yote hayo yameishia dakika mbili? Na kesho asubuhi unavaa viatu vile vile, unachukua kinasa sauti kile kile, unakwenda kutafuta aya nne nyingine?

Nakuuliza wewe. Usimtazame jirani yako wa chumba cha habari.

Ndani yako mna mshairi amelala. Amelala fofofo, na wewe ndiye uliyemfunika shuka. Ukisikia hivi utacheka. Utasema mashairi ni mambo ya harusi, ya ukurasa wa Jumapili, ya wazee wenye kofia za viua. Utasema vita vinataka ukweli na ushairi unataka mapambo. Nani alikudanganya? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alizizungumza kwa mashairi zile vurugu za watawala wa Kimazrui na Sultani Seyyid Said wakati hakuna aliyewahi kusikia kitu kinachoitwa kitambulisho cha mwandishi wa habari. Kazi unayoifanya ina babu zake kwenye lugha hii. Hukuwahi tu kwenda kuwaamkia.

Basi twende tukawaamkie.

Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani. Wakala wake pale, Emil von Zelewski, alileta jeuri ambayo watu wa mji hawakuweza kuimeza, na pwani ikawaka moto. Abushiri bin Salim akasimama Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na nyuma yao watu wengi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote. Serikali ya Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann na askari Wasudani waliochukuliwa Misri, pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Manowari zikaipiga miji ya pwani kwa mizinga. Desemba 15, 1889, Abushiri akanyongwa Pangani.

Nani aliripoti?

Wajerumani waliripoti upande wao, kwa karatasi zenye mihuri. Upande wa huku hapakuwa na gazeti, hapakuwa na mhariri, hapakuwa na wa kulipa posho. Palikuwa na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa upande wa Tanga, aliyechukua wino na karatasi akaandika kwa herufi za Kiarabu Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mwaka umefungwa kwenye jina la utenzi wenyewe: 1307 wa Hijria. Mwaka huo ulianza mwishoni mwa Agosti 1889. Kitanzi cha Abushiri kimo ndani yake.

Hebu mfikirie mtu huyo. Ni mtu wa upande ulioshindwa. Kiongozi amenyongwa, bendera ya mgeni inapepea, kila mtu anapima maneno yake kabla hayajatoka mdomoni, na yeye anakaa kitako kuhesabu mizani nane, kipande baada ya kipande, kwa mamia ya beti. Utaniambia alikuwa na nafasi? Utaniambia alikuwa na amani? Utaniambia kuna mtu alimhakikishia kwamba maandishi yake yatasomwa? Utenzi ule ulikuja kuchapishwa na kufasiriwa na J.W.T. Allen miaka ya 1950, wakati ile dola ya Kijerumani iliyomnyonga Abushiri ilikwisha ondoka pwani muda mrefu. Na leo mwanahistoria anayetaka kujua watu wa Mrima, yaani wa pwani ile, walivionaje vita vile anakwenda kwa Hemedi. Ripoti yenye muhuri itamhesabia mizinga. Hemedi anamsikilizisha watu.

Wewe una simu yenye kamera tatu. Una bando. Una meza. Una taa.

Kisingizio chako ni kipi?

Na usidhani Hemedi alikuwa peke yake. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, wakulima wa Umatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani, vikaenea kusini yote hadi 1907, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki. Huko Lindi mtu aitwaye Abdul Karim bin Jamaliddini aliviandikia utenzi. Idi Amin alipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, watu walikaa kando ya redio usiku hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Miaka miwili baadaye, 1981, utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita hivyo ulikuwa tayari kitabuni. Miaka miwili tu! Wewe una daftari la miaka mingapi kabatini?

Pengine utaniambia hujawahi hata kufika mstari wa mbele. Kazi yako ni deskini, unapokea habari za mashirika ya nje, unazitafsiri, unazipunguza, unaondoka na daladala ya saa tatu. Vizuri. Basi nikukumbushe Shaaban Robert. Alikuwa karani wa serikali Tanganyika, tena karani wa kuhamishwahamishwa, wakati Ulaya na Asia zikiteketea. Stalingrad hakuiona. Hiroshima hakuiona. Alikuwa na habari za mbali kama unazopokea wewe, pengine chache zaidi, zilizochelewa zaidi. Akaandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, mmoja wa tenzi ndefu kabisa katika lugha yetu. Ulichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa amekwisha fariki miaka mitano. Hakusubiri mchapishaji ampigie simu.

Wewe unasubiri nani akupigie?

Sasa tuache majina makubwa. Tushuke chini, kwenye vumbi, uone kwa macho ninachokisema.

Tuseme uko nje ya Goma, Januari 2025, siku zile waasi wa M23 wakiusogelea mji. Barabara imefurika watu. Una dakika chache kabla mtandao haujakatika. Utaandika nini? Nakijua utakachoandika: maelfu ya raia wameyakimbia makazi yao kufuatia mapigano makali, na hali bado ni tete. Sentensi hiyo imetumika Goma, imetumika Bujumbura, imetumika Juba, imetumika Khartoum. Imechakaa kama noti ya elfu moja iliyopita mikononi mwa kila konda wa mji. Inapokelewa, inapitishwa, hakuna anayeitazama.

Simama. Waache maelfu. Mtazame mama mmoja.

Kichwani ana nini? Sufuria. Mgongoni? Mtoto. Na pale kiunoni, kwenye pindo la kitenge, amefunga kitu kidogo cha chuma. Ni nini? Ufunguo. Muulize, kwa adabu: mama, ufunguo huo ni wa nini? Wa nyumba. Na nyumba? Iliungua tangu alfajiri, anakwambia, aliiona akiwa kilimani.

Haya, hesabu pamoja nami.

Sufuria i kichwani,
Mtoto yu mgongoni,
Ufunguo kiunoni,
Na nyumba imeungua.

Vipande vinne. Mizani nane kila kimoja. Thelathini na mbili kwa jumla, basi. Sikulia ndani yake. Sikuilaani jumuiya ya kimataifa. Sikusema hali ni tete, kwa sababu ndani ya mizani nane hamna nafasi ya hali kuwa tete. Mna nafasi ya sufuria. Na mimi si malenga wa kuitwa malenga. Mwenye fani yake akikaa na ubeti huu ataupiga randa mpaka ung'ae. Lakini niambie ukweli: kati ya ubeti huu na ile sentensi ya maelfu ya raia, ni upi utakaoukumbuka wiki ijayo?

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa masikio mawili. Bila kutafuta kipande cha tatu, usingemuuliza yule mama habari ya ufunguo. Ungechukua jina, umri, kijiji alikotoka, ungempiga picha, ungeondoka. Mizani ndiyo iliyokubana. Kina cha kwanza kilipatikana, cha pili kikapatikana, cha tatu kikakulazimisha utazame tena, kwa karibu zaidi, mpaka ukaona kitu ambacho macho ya kazi yaliruka. Unafikiri ushairi utakuibia muda wa kuripoti? Ushairi ndio unaokurudisha kwa mama yule na swali moja la ziada. Na swali hilo moja ndilo stori.

Maana ya vita haipo kwenye idadi. Utaitafuta humo mpaka ustaafu. Imo kwenye ufunguo.

Amka!

Kama huwaamini watu wa kwetu, mwamini mgeni aliyekaa kwetu. Ryszard Kapuściński, Mpolandi, alifika Dar es Salaam mwaka 1962 akiwa mwandishi wa shirika la habari la Poland. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 aliyaripoti. Malaria ya kichwani nusura imuue. Mwaka 1975 alikuwa Luanda, Wareno wakiufungasha mji mzima kwenye makasha ya mbao, na yeye amekaa kwenye mashine ya teleksi akiwasiliana na Warsaw. Teleksi ilikuwa ghali. Shirika lilikuwa maskini. Kila neno lilikuwa na bei, kwa hiyo habari ilikwenda mifupa mitupu. Basi nyama ilibaki wapi? Ilibaki kwenye daftari jingine. Alieleza mara nyingi kwamba vitabu vyake vilitokana na yale ambayo habari za shirika hazikuweza kuyabeba. Na wanaomjua kwa vitabu wengi hawajui kwamba alianza kwa mashairi. Yalichapishwa akiwa kijana wa shule, mwaka 1949, na mwaka 1986, akiwa amekwisha ripoti mapinduzi na vita vya mabara matatu, akatoa diwani.

Madaftari mawili. Moja la mwajiri, moja la kwako.

La kwako liko wapi?

Ila huyo huyo Kapuściński ana funzo la pili, chungu, nami sitakuficha. Baada ya kufa kwake watu walipekua, na kitabu cha maisha yake kilichotolewa na Artur Domosławski mwaka 2010 kilionyesha kwamba mahali kadhaa alipamba, alikuza, alichanganya. Wapo wanaomtetea. Mimi kwa hili simtetei. Kama mama hakuwa na ufunguo, usimfunge ufunguo! Tafuta alichokuwa nacho. Daima kuna kitu. Aliyekimbia na malapa mawili ya mguu wa kushoto ana utenzi mzima miguuni mwake, hana haja ya uongo wako. Anayetunga uongo juu ya mtu aliyeunguliwa na nyumba amemwibia mara ya pili. Ubeti wa ripota unakaguliwa kama stori: nani, wapi, lini, umeonaje. Ukishindwa kujibu, futa.

Na sasa twende Afghanistan, kwa sababu wewe bado unatafuta pa kujificha.

Wanawake wa Kipashtuni wana shairi fupi linaloitwa landay. Mistari miwili: wa kwanza mizani 9, wa pili 13. Jumla 22. Ni pungufu ya ubeti mmoja wa utenzi wetu! Linatungwa bila jina la mtunzi, linapita mdomo kwa mdomo, kisimani, harusini, na siku hizi kwa simu. Wanalitungia mapenzi, mume mzee, mpaka ndege za kijeshi zisizo na rubani. Huko Kabul palikuwa na chama cha wanawake wa fasihi kiitwacho Mirman Baheer. Wa mjini walikutana, wa mikoani walipiga simu kwa siri wakasoma mashairi yao mtu wa upande wa pili akiyaandika. Msichana mmoja wa Helmand aligunduliwa na kaka zake akisoma mashairi yake kwenye simu. Wakampiga. Mwaka 2010 alijichoma moto, akafa.

Eliza Griswold, ripota na mshairi wa Marekani, alikwenda kuifuatilia habari hiyo. Angeweza kuiandika na kurudi nyumbani. Alirudi tena Afghanistan, yeye na mpiga picha Seamus Murphy, kukusanya landay zenyewe, na mwaka 2014 zikatoka kitabuni. Wengi walifika nchi ile kuhesabu mabomu. Yeye alifika kuuliza mashairi, na mashairi yakamfungulia milango ambayo fulana ya kuzuia risasi haiwezi kuifungua. Mwanamke ambaye hawezi kumwambia mgeni maoni yake juu ya vita anaweza kumsomea mistari miwili ambayo, eti, haijulikani nani aliitunga.

Umewahi kuuliza hivyo? Umewahi kukaa kambini, ukafunga kamera, ukamuuliza bibi: huku mnaimba nini siku hizi? Watoto wanaimba nini wakiteka maji? Mlipokuwa njiani mliimba nini? Hujawahi. Umeuliza wameua wangapi. Ukajibiwa. Ukaondoka na namba.

Rudi kauliza.

Msichana yule alitunga akijua kipigo kiko nyuma ya mlango. Wewe unaogopa wenzako watakucheka kwenye kundi la WhatsApp! Hujioni?

Najua umechoka. Sisemi hujachoka. Kazi hii inakula watu, na wapo wanaoinywea pombe, na wapo wanaogombana nyumbani bila kujua kwamba wanagombana na kitu walichokiona miezi sita nyuma. Kama usiku hulali, kama mlio wa pikipiki unakurusha kitini, nenda hospitali, kamwone mtaalamu, na usione haya. Ubeti hautibu hilo. Lakini kuna uchovu mwingine, ule wa kuona kwamba unachokifanya hakina maana, kwamba unamimina maji jangwani, kwamba hata ukiacha leo hakuna atakayegundua. Huo hautokani na wingi wa kazi. Unatokana na kuona vingi na kutunza kidogo. Unaingia vitani na macho mawili, unatoka na aya nne, na yote yaliyosalia unayaacha yaoze ndani yako bila kuyapa umbo.

Yape umbo!

Hujui mizani? Mtoto wa sekondari anafundishwa. Gonga mezani kwa kidole, su-fu-ri-a, umekwisha anza. Hujui vina? Unaijua taarabu, unaijua bongo fleva, masikio yako yamekula vina tangu utotoni. Mhariri hataki mashairi? Nani kakwambia umpe mhariri? Hemedi alimpa mhariri gani? Hupendi kufunga vina, unapenda mashairi huru? Andika huru, washairi kina Kezilahabi walikwisha pigana vita hiyo kabla yako. Wanasema huna kipaji? Kipaji kimelala kwa sababu hakijawahi kuitwa. Kiite mara moja, kitakuja kikiyumba. Kiite kila siku, kitakuja kimenawa uso.

Kila siku ya kazi, ubeti mmoja. Siku yenye mapigano, ubeti mmoja. Siku ya mkutano wa waandishi na msemaji wa jeshi asiyesema lolote, ubeti mmoja, tena wa kumsema. Fanya hivyo mwaka mzima, toa Jumapili na siku za homa, na utakuwa na beti zaidi ya mia tatu. Huo ni utenzi. Huo ndio ambao hujui kama unao.

Nani ataiandika vita ya Kivu kwa Kiswahili, kama si wewe unayeiona na unayekijua? Unadhani kuna Hemedi mwingine yuko njiani anakuja? Unataka mjukuu wa yule mama aje kusoma habari za bibi yake katika ripoti ya ofisi fulani ya mbali, yenye majedwali, isiyotaja sufuria wala ufunguo?

Lete daftari lako la wiki iliyopita. Usilete la kesho, la kesho ni kisingizio. Fungua ukurasa uliouruka kwa sababu haukuingia kwenye stori. Tafuta kitu kimoja chenye uzito wa kushikika: kandambili, redio, mbuzi, cheti cha kuzaliwa. Hakikisha ni kweli. Gonga meza, hesabu nane, andika, kata, hesabu tena mpaka vipande vinne vikae. Weka tarehe na mahali chini yake. Fanya hivyo usiku huu kabla hujala.